Nyumba Njema Si Mlango



Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii twaitumia sana katika mambo ya ndoa, pale mtu anapotazama uso asitazame tabia. Safari hii yafaa tuitumie kwa nyumba hasa, nyumba ya matofali yenye mnara na saa. Ni jengo la mahakama katika mji mdogo uitwao Sumner, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Ndani ya jengo hilo, mwaka 1955, ilitendeka dhuluma iliyosikika duniani kote. Jengo lingali limesimama, na kesi zingali zinasikilizwa humo.

Maswali mawili yanatokea. La kwanza: haki hukaa wapi, ikiwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya haki yaweza kutoa dhuluma? La pili: nyumba iliyotendewa dhuluma ndani yake, watu waifanyeje? Waibomoe, wanyamaze, au waitunze? Nawaomba tufikiri pamoja.

JENGO LENYEWE

Karibu kila jimbo la Marekani limegawanywa katika kaunti, maeneo yanayofanana kwa kiasi na wilaya. Kila kaunti ina mji wake mkuu, na katikati ya mji huo hujengwa mahakama. Humo huwekwa pia hati za mashamba, vyeti vya ndoa na orodha ya wapiga kura. Kwa hiyo hata mtu asiye na kesi na mwenzake hana budi kuingia humo siku moja au nyingine, kuandikisha shamba alilonunua au kuomba cheti cha kuoa.

Kaunti ya Tallahatchie ina miji mikuu miwili: Charleston upande wa mashariki, na Sumner upande wa magharibi, katika tambarare ya pamba iitwayo Delta. Ndiyo sababu mji wenye wakazi mia chache tu umepata mahakama kubwa namna ile. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya uwanja uliozungukwa na maduka na ofisi za mawakili. Ni jengo la matofali, lenye matao ya duara na mnara wa saa. Chumba kikubwa cha kusikilizia kesi kiko ghorofani, chenye madirisha marefu.

Mtindo huo wa kujenga una historia inayotugusa sisi Waanglikana. Unaitwa kwa jina la mchoraji wa majengo Henry Hobson Richardson, aliyeishi kati ya mwaka 1838 na 1886. Kazi iliyompa sifa kubwa ni kanisa la Trinity mjini Boston, kanisa la ndugu zetu Waepiskopali, lililowekwa wakfu mwaka 1877. Baadaye alichora mahakama ya kaunti ya Allegheny mjini Pittsburgh, iliyokamilika mwaka 1888, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Wajenzi wengine wakaiga matao yake ya duara, kuta zake nene na minara yake mizito. Ndivyo mahakama nyingi za miji midogo zilivyokuja kufanana na kanisa. Mtu akiingia, hata kabla hajaambiwa neno, hushusha sauti na kuvua kofia. Wajenzi walitaka aamini kwamba humo ndani kuna jambo lililo kubwa kuliko tajiri na maskini.

Lakini katika uwanja wa mahakama ya Sumner, mwaka 1913, iliwekwa sanamu ya askari wa majimbo ya kusini, yale yaliyopigana vita kati ya mwaka 1861 na 1865 ili kulinda utumwa. Mjukuu wa mtumwa aliyekuja kutafuta haki aliiona kwanza sanamu hiyo, ndipo akafika mlangoni. Jengo lilisema neno moja, na uwanja wake ulisema lingine.

SIKU TANO ZA SEPTEMBA

Emmett Till alikuwa kijana mweusi wa Chicago, mwenye umri wa miaka 14. Agosti 1955 alikwenda Mississippi kuwatembelea jamaa za mama yake, akakaa kwa mzee Moses Wright, karibu na kijiji cha Money. Siku moja aliingia katika duka la Mzungu mmoja, Roy Bryant, na ikadaiwa kwamba alimpigia mluzi mke wa mwenye duka. Usiku wa tarehe 28 Agosti, Bryant na ndugu yake wa kwa mama, J. W. Milam, walifika nyumbani kwa mzee Wright wakiwa na silaha, wakamchukua kijana. Siku tatu baadaye maiti yake ilionekana katika mto Tallahatchie, imefungwa kwa seng'enge kwenye pangaboi zito la mashine ya kuchambulia pamba. Uso ulikuwa umeharibika kabisa. Mzee Wright alimtambua kwa pete aliyovaa, iliyokuwa ya marehemu baba yake.

Wakuu wa huko walitaka azikwe upesi huko huko. Mama yake, Mamie Till, alikataa. Aliirudisha maiti Chicago, na katika kanisa la Roberts Temple akaamuru jeneza liachwe wazi, ili watu waone alichotendewa mwanawe. Maelfu kwa maelfu walipita mbele ya jeneza lile.

Kesi ilisikilizwa Sumner kuanzia tarehe 19 Septemba 1955. Barabarani, penye kuingilia mjini, palikuwa na bango lililosifu mji huo kuwa mahali pazuri pa kulelea mtoto wa kiume.

Hebu tuingie chumbani tuone jinsi watu walivyokaa. Wazungu waliketi katika viti. Watu weusi waliofika kusikiliza walisongamana nyuma na kando ya kuta. Waandishi wa magazeti Wazungu walipewa nafasi za mbele. Waandishi weusi waliwekewa meza ndogo ya kuchezea karata, pembeni, na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, aliwasalimu kwa neno la dharau. Pale mezani aliketi pia Charles Diggs, mbunge mweusi kutoka jimbo la Michigan. Mtu aliyetunga sheria za nchi nzima alipata kiti pembeni, kwenye meza ya karata. Waamuzi wa kesi, wale raia 12 wanaoitwa juri, walikuwa wote Wazungu na wote wanaume.

Mzee Moses Wright aliitwa kutoa ushahidi. Alikuwa mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, na pia mhubiri. Akaulizwa kama anamwona mtu aliyekuja usiku ule. Akasimama, akanyosha mkono, akamwonyesha Milam kwa kidole. Katika Mississippi ya siku zile, mtu mweusi kumshtaki Mzungu usoni pake, mbele ya watu, lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Alijua hivyo. Baada ya kesi alihamia Chicago. Kijana mwingine, Willie Reed, mwenye umri wa miaka 18, alieleza kwamba alisikia sauti ya mtu akipigwa ndani ya ghala. Yeye pia alilazimika kukimbilia Chicago. Mama wa marehemu naye alisimama, akasema wazi kwamba maiti ile ni ya mwanawe.

Mawakili wote watano wa mji wa Sumner waliwatetea washtakiwa. Hoja yao ilikuwa kwamba maiti si ya Emmett Till. Tarehe 23 Septemba juri ilitoka kwenda kushauriana, na baada ya dakika 67 ikarudi na neno: hawana hatia. Mmoja wao alisema baadaye kwamba wasingekawia hivyo kama wasingetulia kidogo kunywa soda. Januari 1956, wale wawili walilipwa fedha na gazeti liitwalo Look, wakaeleza jinsi walivyomwua kijana. Sheria haikuruhusu washtakiwe tena kwa kosa ambalo wamekwisha kuachiliwa. Milam alikufa mwaka 1980, na Bryant mwaka 1994. Hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa mauaji hayo.

KILIPUNGUA NINI?

Sasa na tulijibu swali la kwanza. Nini kilikosekana katika chumba kile?

Jengo lilikuwepo, tena zuri. Sheria ilikuwepo pia, maana katiba ya Marekani iliahidi tangu mwaka 1868 kwamba kila mtu atalindwa sawasawa. Hakimu Curtis Swango alisifiwa, hata na waandishi weusi, kwa jinsi alivyojitahidi kuendesha kesi bila upendeleo. Waendesha mashtaka walifanya kazi yao. Mashahidi walipatikana, na walisema kweli kwa kuhatarisha uhai wao. Mtu akiyatazama hayo yote moja moja, atadhani kwamba hakuna kilichopungua.

Kilichopungua kilikuwa kimekwisha kupungua zamani. Majina ya juri yalitolewa katika orodha ya wapiga kura. Zaidi ya nusu ya watu wa kaunti ile walikuwa weusi, lakini hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika orodha hiyo. Wanawake nao hawakuruhusiwa kuwa waamuzi katika jimbo la Mississippi mpaka mwaka 1968. Kesi ya nyani ilipewa ngedere kuiamua, na hakimu mwema hakuwa na la kufanya.

Basi dhuluma ya Septemba 1955 haikuanza katika chumba cha ghorofani. Katika jimbo lile anayeandikisha wapiga kura ni karani wa mahakama. Ilianza mezani pake, miaka mingi kabla, siku ambayo mtu mweusi alikuja kuomba jina lake liandikwe akarudishwa, na yule aliyekuwa nyuma yake akaona, akageuka kwenda zake. Hakuna gazeti lililotuma mwandishi siku hiyo. Hapakuwa na damu. Palikuwa na kalamu iliyokataa kuandika tu.

Hili ndilo jambo ninaloomba tulishike. Sisi huitafuta dhuluma katika siku kubwa, siku ya hukumu, nasi huwalaumu walioketi siku hiyo, na kweli wanastahili lawama. Lakini hukumu kubwa hutengenezwa na mambo madogo yaliyotangulia: nani ameandikwa, nani ameitwa kikaoni, nani amepewa kiti na nani amesimamishwa ukutani. Mambo hayo yakiwa yameharibika, siku kubwa ikifika itapata kila kitu tayari. Pilato alinawa mikono mbele ya watu. Wengi wetu hatufikishwi huko, kwa kuwa kazi yetu tumeimaliza mapema, kwa kalamu.

Na haki yenyewe ilikaa wapi katika siku zile tano? Kama ilikuwemo chumbani, ilikuwa katika mkono wa mzee Wright ulionyoshwa. Matao na mnara havikumsaidia. Lakini sitaki kusema kwamba jengo si kitu. Lingekuwa si kitu, mama yule asingesafiri kutoka Chicago kuja kusimama humo. Jengo ni ahadi. Waliolijenga kwa mfano wa kanisa waliahidi jambo mbele ya watu wote, na ndiyo sababu dhuluma iliyotendeka humo inauma kuliko ingetendeka porini. Asiyeahidi hawezi kudaiwa ahadi.

NYUMBA IFANYWEJE?

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linawahusu watu ambao hawakuwepo.

Wako watakaosema: bomoeni. Mahali palipomdhalilisha mama wa marehemu pasibaki jiwe juu ya jiwe. Neno hili lina uchungu wa kweli ndani yake. Lakini tuangalie ni nani anayefaidika nyumba ikibomolewa. Mwenye kuona haya hupata nafuu, kwa maana ushahidi umeondoka, na baada ya vizazi viwili atasema kwamba hakukuwa na kitu.

Wengine husema: nyamazeni, yaliyopita yamepita. Sumner ilijaribu njia hii. Kwa karibu miaka 50 kesi ziliendelea kusikilizwa katika jengo lile, na pale uwanjani hapakuwa na ubao hata mmoja uliotaja jina la Emmett Till. Askari wa mwaka 1913 alikuwa na sanamu; mtoto wa mwaka 1955 hakuwa na kitu. Nao ukimya haukuponya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Njia ya tatu ilianza mwaka 2006. Jerome Little, mtu mweusi wa kwanza kuongoza baraza la kaunti ya Tallahatchie, alisaidia kuunda tume ya watu weusi na Wazungu pamoja. Tarehe 2 Oktoba 2007 walisimama mbele ya mahakama, ndugu wa Emmett wakiwapo, wakasoma tamko. Walikiri kwamba haki ilivunjwa, wakawaambia wale ndugu kwamba wanasikitika sana, na wakasema kwamba kupatana huanza kwa kusema kweli. Kisha jengo, lililokuwa limechakaa, likafanyiwa ukarabati ulioendelea hadi katikati ya miaka ya 2010. Na hapa kuna jambo la ajabu. Kwa kawaida watu wakikarabati nyumba ya zamani huirudisha katika siku yake ya fahari. Chumba kile kilirudishwa katika sura yake ya mwaka 1955, mwaka wa aibu yake.

Je, walifanya vema? Nimesikiliza hoja zinazopinga, nazo zastahili kujibiwa.

Ya kwanza inasema: hawa wa leo hawakuua mtu, wala hawakuwamo katika juri, mtu aombeje radhi kwa kosa asilolitenda? Hapa tutenganishe hatia na wajibu. Hatia ni ya mtenda, haihami. Wajibu huhama. Mtoto akirithi nyumba ya babaye iliyowekwa rehani, hakukopa yeye, wala hakuna atakayemwita mkopaji. Lakini hawezi kukaa ndani ya nyumba huku akilikana deni lake. Akiikubali nyumba amelikubali na deni. Watu wa Sumner waliendelea kuitumia mahakama ile, kufungia ndoa na kuandikishia mashamba. Basi na deni lake lilikuwa lao.

Hoja ya pili inasema: kuomba radhi ni rahisi, maneno hayamrudishi mtoto. Hii ni kweli, wala siwezi kuipunguza. Mamie Till alikufa Januari 2003, miaka minne kabla ya tamko lile kusomwa. Haki aliyoitafuta mwaka 1955 hakuipata, wala hataipata katika mahakama yoyote ya dunia hii. Ukarabati wa jengo haulipi deni hilo. Unazuia tu lisiongezwe deni la pili, yaani uongo.

Hoja ya tatu inasema kwamba jambo limekufa, na kulitaja ni kulifufua. Jibu la hoja hii liko mtoni. Mwaka 2008 ubao wa kumbukumbu uliwekwa kando ya mto Tallahatchie, ukaibiwa. Ukawekwa mwingine, ukapigwa risasi mara nyingi. Uliofuata nao ukapigwa risasi. Oktoba 2019 ilibidi uwekwe ubao wa chuma usiopenywa na risasi, wenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Jambo likiwa limekufa, nani apoteze risasi kulipiga?

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo nyumba moja ya kulinganisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale, Mkunazini, likajengwa Kanisa Kuu la Anglikana, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyepata kuwa askofu. Huko soko liliondolewa, sala ikaingia. Sumner haikuweza kufanya hivyo, kwa kuwa watu hawawezi kukaa bila mahakama. Soko la watumwa halina matumizi mema, kwa hiyo yafaa lifungwe na mahali pake papewe kazi nyingine. Mahakama kazi yake ni njema, ila iliharibiwa na watu. Na kitu chema kilichoharibiwa hutengenezwa, kisha alama ya ufa huachwa ionekane. Tarehe 25 Julai 2023 mahakama ya Sumner, pamoja na kanisa la Roberts Temple na mahali pa mtoni, vilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Marekani, kwa jina la Emmett Till na mama yake.

KWETU SISI

Wengi wetu hatutaketi kuhukumu kesi ya mauaji. Lakini karibu sote huketi katika vikao: baraza la kanisa, kamati ya shule, kikao cha ukoo cha kugawa mirathi, mkutano wa ushirika. Kila kikao kina orodha yake, na kila chumba kina meza yake ya pembeni. Mjane anaitwa siku ya kugawa shamba la marehemu mumewe, au anapelekewa habari baadaye? Vijana wanakaa wapi, na nani amewaambia wakae hapo? Mtumishi wa nyumbani akidaiwa kuiba, nani kati ya wanaomhukumu ni wa upande wake?

Kabla ya kikao kijacho, yule anayeandika majina na aisome orodha yake mara moja zaidi, ajiulize ni nani ambaye jambo hili linamhusu naye hayumo. Akimpata, na amwandike, tena amwekee kiti pamoja na wengine. Ni kazi ya dakika chache, nayo yapaswa kufanywa mapema, maana siku ya hukumu yenyewe huwa imechelewa.